Mama Tutaona na Tarehe Zake

Siku niliyomtia machoni kwa mara ya kwanza, Mama Tutaona alikuwa anagonga mapipa.

Nilikuwa juu ya foklifti, kwenye stoo ya malighafi ya kiwanda chetu cha dawa, nashusha mzigo kutoka lori la wakala wa forodha. Wakala mwenyewe alisimama mlangoni na kalamu mkononi, anatafuta mtu wa kumsainia aende zake. Akaingia mwanamke wa makamo, mnene kiasi, kitambaa kichwani, viatu vya kazi alivyopewa getini vikiwa vikubwa kuliko miguu yake. Hakusalimia mtu. Alivua pete ya ndoa, akaishika kwa vidole viwili, akaanza kuyagonga mapipa moja moja huku ametega sikio, kama mtu anayechagua chungu sokoni. Safu ya kwanza ikaisha. Kwenye safu ya pili, pipa moja likaitika kwa sauti nyingine.

"Hili lina njaa," akasema.

"Mama, hayo yametoka na lakiri huko huko yalikotengenezwa," wakala akasema. "Yamejaa yote."

"Tutaona."

Tukalipeleka pipa mizani, likawa pungufu. Wakala akaapa kwa mama yake na kwa baba yake.  Yule mwanamke akarudisha pete kidoleni, akatugeukia sisi wapakiaji.

"Nani amelishusha hili?"

Nikanyoosha mkono.

"Ulipolishusha lakiri ilikuwa hivi hivi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Huyu haongei?"

Wenzangu wakaangua kicheko. "Huyo ndiye Kimya, mama. Ukimsikia anaongea, ujue stoo inaungua."

Yeye hakucheka. Aliniangalia toka kofia mpaka viatu, bila haraka, nami nikajua kwamba nimeshaingizwa kwenye kundi moja na wakala. Hivyo ndivyo tulivyofahamiana.

Kazi yake ilikuwa kuagiza malighafi, lakini mimi naona kazi yake hasa ilikuwa kutoamini. Kiwanda chetu kinatengeneza dawa za maji za watoto, vidonge vya maumivu, na vidonge vya kifafa. Hivi vya kifafa ndivyo vilivyomkosesha raha. Unga wake unapikwa na kiwanda kimoja tu ng'ambo, na safari yake ni ndefu kama kesi ya shamba. Oda ikienda, wale wa huko wanaikalia kwanza. Kisha wanapika. Kisha wanatafuta nafasi melini. Meli nayo inazunguka bandari za watu kabla ya kufika kwetu. Kontena likishuka linalala bandarini, mamlaka ya dawa inachukua sampuli, ndipo linapandishwa kwenye lori. Na likifika stoo bado halijawa mali ya kutumia. Tunalibandika lebo ya njano, maana yake usiguse, mpaka watu wa maabara wapime na kubandika ya kijani.

Kila aliyesimama kwenye njia hiyo alikuwa na tarehe ya kumpa. Muuzaji alisema mwezi huu, mwenye meli akasema wiki ile, wakala akasema kesho. Yeye alizisikiliza zote, akazijibu zote kwa neno moja, tutaona, na jina likamkaa.

Tarehe zake mwenyewe ndizo zilikuwa kichekesho. Hakuwahi kuwapa watu wawili tarehe moja. Stoo ilipewa siku ya lori, maabara siku ya kupima, na uzalishaji siku ya kuchanganya unga, na kila mmoja alitiliwa chumvi kadiri ya tabia yake. Mkuu wa uzalishaji, tuliyemwita Injinia, alikuwa mtu wa kutumia unga wote aliouona, kwa hiyo yeye alizidishiwa siku. Maabara walikuwa wazito wa kuanza, kwa hiyo wao walipunguziwa. Watu walijua, wakazoea, na kila mmoja akawa anapiga hesabu zake za chini chini juu ya hesabu za Mama Tutaona.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa yale yale. Alipomwoza binti yake alitoa kadi zenye saa tofauti. Wenye maturubai walipewa asubuhi na mapema, wakwe saa nne, na ndugu zake yeye saa tatu kwa kuwa anawajua. Siku hiyo kila mtu alifika kwa saa ya kadi yake. Wakwe walikaa juani mpaka sura zikabadilika. Aliyechelewa alikuwa mmoja tu, mfungisha ndoa, na yeye ndiye pekee aliyepewa saa ya kweli. Shangazi anayetupikia chai kazini alikuwepo, na alitusimulia huku anafuta machozi ya kucheka. "Mama mkwe akamuuliza, hivi wewe mwenzetu unaoza binti au unapokea kontena?"

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, ambaye anauza dawa kwa jumla mjini. Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Simu ya huyo mdogo ilipoita mbele yetu, yeye aliipokea hivi: "Marahaba. Sijui lolote. Watoto hawajambo? Haya." Akakata. Wengine waliona huo ndio uaminifu. Wengine wakasema huo ni mchezo wa kuigiza, mtu asiye na la kuficha hakati simu ya ndugu yake namna hiyo. Mimi nilikuwa upande wa hawa wa pili, ingawa sikusema.

Maana kulikuwa na jambo. Mara mbili mfululizo vidonge vya kifafa vilikuwa vimepotea madukani wakati sisi bado tunavyo. Unga ulipokaribia kwisha na mzigo mwingine ukiwa njiani, wafanyabiashara wakubwa walikuja na malori yao, wakanunua kila kitu, wakakificha. Halafu kabla tu ya mzigo kuingia wakakitoa kwa bei ya kukomoa, maana mzigo ukishaingia bei inashuka. Huwezi kucheza mchezo huo bila kujua mzigo unaingia lini. Kwa hiyo mtu wa kwetu alikuwa anawapa tarehe. Na tarehe zote zilitoka kwa mtu mmoja, mwenye mdogo wake sokoni.

Shangazi ndiye aliyetuletea habari, pamoja na chai. "Mwenzenu Mama Tutaona kawekewa kisu shingoni. Bwana Mkubwa kamwambia, vidonge vikipotea tena mjini kabla ya mzigo huu unaokuja, aandike barua ya kuacha kazi mwenyewe au aandikiwe."

Bwana Mkubwa ndiye mkurugenzi. Mtu mcheshi, wa tai nzuri, anayewashika watu mabega.

Siku chache baadaye Afande aliniita kwenye kibanda chake cha getini. Huyu ni mkuu wa ulinzi, askari mstaafu, anaongea kama bado ana kikosi.

"Kimya. Kaa. Wewe unamwonaje yule mama?"

"Nani, afande?"

"Usinichezee. Watu wanaongea mbele yako kama wanaongea mbele ya ukuta. Nataka huo ukuta uwe na macho. Akimpa mtu kitu, akipokea kitu, unaniambia. Tumeelewana?"

Nikasema sawa. Sikuipenda kazi ile, lakini sikuikataa. Nilitaka kujua na mimi.

Ikawa namtazama. Na ukimtazama mtu kwa nia hiyo, kila anachofanya kinakuwa na kivuli. Akifunga mlango, kwa nini amefunga. Akiuacha wazi, anataka aonekane hana siri. Alipokuja stoo mchana wenzangu wakiwa kwenye kula, nilijificha nyuma ya paleti za vizibo, nikamwona amesimama mbele ya kona iliyo tupu, ile ya mapipa ya unga wa kifafa, anaitazama tu. Nikajiuliza anapima nini.

Halafu nikaanza kuziona tarehe zenyewe. Injinia alipita stoo akijisifu: "Tarehe tano ya mwezi ujao mimi nachanganya unga wangu. Mama mwenyewe kanihakikishia, lakini msiseme." Kesho yake mkuu wa maabara akaja kuangalia nafasi ya kuchukulia sampuli, akanong'ona kwamba atapima tarehe kumi na mbili, na kwamba ni siri. Mimi mwenyewe Mama Tutaona alikuwa ameniita kando, akaniambia, "Kaka Kimya, lori ni tarehe tisa. Kaa nayo wewe mwenyewe."

Mimi nimeishia darasa la saba, lakini najua mtu hawezi kuchanganya tarehe tano unga ambao unafika tarehe tisa na kupimwa tarehe kumi na mbili. Kutofautiana tulikuwa tumezoea. Kilichonishtua ni mpangilio. Zamani tarehe zake, pamoja na chumvi yake yote, zilifuatana kama mabehewa. Safari hii behewa la mwisho lilikuwa mbele. Alikuwa anamdanganya mtu, na sasa hakujali hata kudanganya vizuri. Au alikuwa anatudanganya wote, na ya kweli anayo mdogo wake.

Nilikaa na wazo hilo kama mtu mwenye mwiba kwenye kisigino.

Haukupita muda, malori ya wafanyabiashara yakapanga foleni getini. Vidonge vya kifafa vikatoka vyote kwenye stoo ya bidhaa. Ndani ya wiki moja watu wakaanza kuja kiwandani kuulizia. Namkumbuka baba mmoja aliyevaa ovaroli ya gereji, ameshika pakiti tupu, ameikunjua mpaka ikawa bapa, kama kwamba akiionyesha vizuri itajaa. Mlinzi alimwambia hapa hatuuzi rejareja. Yule baba akasema anajua, anataka tu kuambiwa ni lini, mtoto wake alianguka juzi shuleni na jana tena.

Mama Tutaona alikuwa anatoka. Alisimama naye. Nikamwona anaandika namba ya simu ya yule baba kwenye kiganja chake.

Jumamosi ile, nikiwa natoka kazini, nikamwona ndani ya gari la mdogo wake, kona ya barabara, vioo vimepandishwa. Mdogo mtu alikuwa anaongea kwa mikono, dada mtu ametazama mbele. Kisha akapewa mfuko mweusi wa plastiki, akashuka nao. Jumatatu asubuhi yule baba wa gereji alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, na mfuko ule ule ukaingia mikononi mwake. Sikuona pesa ikipita. Lakini nilikuwa mbali.

Hilo ndilo Afande alilokuwa analitaka. Nilifika mpaka mlango wa kibanda chake. Alikuwa ndani anakula, kanipungia mkono niingie. Nikamwambia nimekuja kuomba glovu mpya.

"Glovu unaomba kwa ulinzi?"

"Samahani, afande."

"Kimya, wewe wakati mwingine unanitia shaka."

Nilishindwa kusema kwa sababu sikujua nilichokiona. Ungeweza kuiita biashara, ungeweza kuiita sadaka, na pia ungeweza kuiita mtego aliotegewa mtu kama mimi. Na yule baba alikuwa amevuka barabara akikimbia, ameukumbatia ule mfuko kifuani kama kitu chenye uhai.

Jioni ya siku hiyo Mama Tutaona akanijia mwenyewe kwenye foklifti.

"Kaka, unalijua lile duka kubwa la dawa karibu na hospitali?"

"Nalijua."

"Kesho ukitoka, pita pale. Ulizia vidonge vya kifafa. Usiseme unatoka hapa. Usibishane juu ya bei. Sikiliza tu watakachosema, neno kwa neno, uniletee."

Nikamwangalia.

"Unajiuliza kwa nini wewe," akasema. "Kwa sababu mtu akikuona wewe anajisikia kuongea. Sijui una nini."

Nilienda na roho juu. Nilikuwa na hakika kwamba ni mtego, nitakutwa pale na mtu wa Afande, niambiwe mimi ndiye mjumbe. Dukani kulikuwa na foleni fupi. Muuzaji alikuwa kijana mwenye sharubu changa, anajua kuwapendeza wateja.

"Vya kifafa? Hamna, mzee wangu. Ni vya nani?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. "Vya dada," nikasema.

"Pole. Sikiliza, kama dada anaweza kuvumilia, mzigo wa kiwanda unaingia tarehe ishirini na mbili. Hiyo ni ya uhakika, imetoka juu. Tutaviachia siku chache kabla. Kama hawezi," akainama kidogo juu ya meza, "kimoja kimoja naweza kukutafutia. Lakini bei usiniulize kwa sauti."

Nikasema nitarudi. Nilipotoka nje, tarehe ile ilikuwa inanigonga kichwani. Ishirini na mbili. Haikuwa ya Injinia, wala ya maabara, wala yangu. Wafanyabiashara walikuwa na tarehe ambayo sisi wote hatukuwa nayo. Nikasema basi, ni yeye. Ametupa sisi za uongo, ya kweli ameiuza.

Asubuhi nilimpelekea maneno yale ofisini kwake, neno kwa neno, na wakati nayasema niliutazama uso wake niuone unavyobadilika. Ofisi ilikuwa ndogo, mafaili mpaka dirishani, kalenda tatu ukutani za miaka mitatu tofauti.

"Tarehe ngapi?" akauliza.

"Ishirini na mbili."

"Rudia alivyosema."

"Alisema ni ya uhakika. Imetoka juu."

Akaketi. Hakuketi kama mtu aliyekamatwa. Aliketi kama mtu aliyeona nyumba anayoijua imewekewa alama ya kubomolewa.

"Una hakika hakusema tisa? Au tano? Au kumi na mbili?"

Hapo nikapigwa na butwaa. Alikuwa anazitaja tarehe zetu zote, ya Injinia, ya maabara, na yangu, kama mtu anayehesabu mitego yake na kutaja ni upi haujanasa. Ndipo nikaelewa kwa nini safari hii mabehewa hayakufuatana. Kila mmoja wetu alipewa tarehe yake peke yake, ya uongo, ili ikisikika mjini ijulikane imetokea mdomo gani. Na mimi nilipewa ya kwangu.

"Sikusikia hizo," nikasema.

"Haya, kaka. Asante. Nenda kazini."

Hakuniambia ishirini na mbili alimpa nani. Nami sikuuliza. Nilikuwa nimekasirika kwa namna yangu, ambayo ni kuendesha foklifti polepole kuliko kawaida.

Jibu lilikuja lenyewe kwa miguu yake. Alhamisi ya wiki hiyo Bwana Mkubwa aliingia stoo na wageni wawili wenye kofia nyeupe za ukaguzi. Aliwaonyesha rafu, akawaonyesha lebo za njano na za kijani, akanishika bega, akawaambia, "Huyu ni nguzo yetu, haongei, anafanya." Walipofika kwenye kona tupu mgeni mmoja akauliza hapa vipi. Bwana Mkubwa akacheka kwa furaha kabisa.

"Hapo ni pa unga wetu wa kifafa. Msiwe na wasiwasi, tarehe ishirini na mbili pamejaa."

Nilizima foklifti. Haikuhitaji kuzimwa, lakini nilizima.

Yaliyotokea ofisini kwa Bwana Mkubwa sikuyaona. Shangazi alikuwa anakusanya vikombe chumba cha pili, na Shangazi anapokusanya vikombe huwa hana haraka. Alisema Mama Tutaona aliingia bila kuitwa, akasema, "Bwana Mkubwa, tarehe ishirini na mbili nilikupa wewe peke yako. Iko mjini."

Bwana Mkubwa akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akasema, "Shemeji yangu ana biashara zake za dawa, na mimi nikila kwake siwezi kukaa kama bubu. Ananiuliza kazi inaendaje, namwambia. Ni maneno ya mezani. Sijauza kitu."

"Sijasema umeuza."

"Ila ulinipa tarehe ya uongo. Mimi. Mkurugenzi wako. Ulikuwa unanichunguza?"

"Nilikuwa namchunguza kila mtu."

Shangazi anasema hapo aliogopa hata kugusa kijiko. Na mimi naamini Bwana Mkubwa alisema kweli. Hakuuza. Alikuwa tu mtu anayependa kuonekana ana habari, na mezani kwa shemeji yake habari ilikuwa tarehe zetu.

Barua ya kumwachisha kazi ilitoka Ijumaa. Ilisema alitoa kwa makusudi tarehe zisizo za kweli kwa uongozi na idara zote. Hakuna aliyeweza kuibishia, maana ni kweli alizitoa. Injinia alisema afadhali, sasa tutafanya kazi na mtu mkweli.  Afande aliniambia, "Umeona? Nilikwambia yule mama ana lake," nami nikamwacha na furaha yake.

Nafasi yake ikachukuliwa siku hiyo hiyo na bwana mmoja mstaarabu, anayemwamini kila mtu. Alimpigia wakala wa forodha, wakala akamwambia kesho. Akatuita wote, watu wakajipanga mlangoni toka asubuhi, Injinia akaandaa mashine, maabara wakavaa makoti. Lori halikuja. Wakala akasema kesho tena. Siku ya pili, ingawa ilikuwa Jumapili, na ya tatu mambo yakawa hayo hayo. Mpaka Jumatatu watu walikuwa wamechoka kusimama, wakaanza kutukanana. Jumanne hakuna aliyejipanga. Wengine walienda kunywa chai, na bwana mstaarabu alikuwa kwenye simu.

Mimi sikusimama mlangoni siku zote zile. Nilikuwa na kazi zangu. Lakini usiku wa kuamkia Jumanne niliacha betri ya foklifti kwenye chaji, na asubuhi nikafagia ile kona, nikapanga paleti safi, nikabandika lebo za njano tayari kwenye ubao. Lori liliingia kabla ya chai. Nilikuwa nimeshashusha nusu ya mapipa watu walipokuja wanakimbia.

Afande alikuwa wa kwanza kufika. Akaitazama kona iliyofagiwa, akazitazama lebo, akanitazama mimi.

"Wewe umejuaje?"

Nikashusha pipa jingine.

"Kimya, nakuuliza. Wakala mwenyewe hakujua. Wewe umejuaje kama ni leo? Nani amekuambia?"

Nikaona macho yake yamebadilika. Toka siku hiyo nikienda chooni kuna mlinzi anayeenda chooni. Injinia akipita ananong'ona na mtu. Juzi mmoja wa walinzi ameniuliza kwa kujifanya hana shida, eti nina ndugu yeyote anayeuza dawa mjini. Vidonge vilitoka, madukani vimejaa sasa, bei imeshuka, na mimi ndiye ninayetazamwa.

Wakiniuliza tena nitawaambia, kwa sababu hakuna siri. Ijumaa ile ya barua, Mama Tutaona alitoka na boksi moja la vitu vyake. Afande alivichambua getini, kalenda moja moja, kikombe, viatu vile vikubwa ambavyo alitakiwa kurudisha. Mimi nilikuwa natoka kazini. Nikambebea boksi mpaka ng'ambo ya barabara, tukasimama kungoja gari la mdogo wake. Nilikuwa na swali, na nilijua nisipoliuliza pale sitaliuliza tena maishani.

"Mama," nikasema, "na mimi ulinishuku?"

Akashtuka kusikia sauti yangu. "Wewe ndiye niliyeanza nawe, kaka. Kila mtu anakuambia mambo, na wewe humwambii mtu. Mtu wa namna hiyo ana sehemu anakoyapeleka."  "Nilikaa nikiingoja ile tarehe tisa yako wiki hizi zote. Nilimtuma hata mdogo wangu aisikilizie sokoni. Haikusikika popote. Ilizama kwako kama jiwe kisimani."

 Nilitaka kukasirika, nikakuta nafurahi, na furaha yenyewe nikaitilia shaka.

"Ule mfuko wa yule baba," nikasema.

"Mfuko gani?" akaniuliza, akinitazama machoni bila kupepesa. Na mpaka leo sijui zaidi ya hapo.

Gari likafika. Mdogo wake akashuka, akamsalimia shikamoo dada, akachukua boksi mikononi mwangu. Yeye akafungua mlango, akaweka mguu mmoja ndani, kisha akasimama. Akavua pete yake, akagonga nayo juu ya paa la gari mara mbili, kama mtu asiye na hakika hata na hilo gari. Akageuka.

"Meli imeshatia nanga, kaka. Wakala atawazungusha, lakini lori litaingia Jumanne asubuhi, na hiyo sijampa mtu mwingine. Ila usiniamini mimi. Mapipa yakifika, uyagonge mwenyewe."